Kilima Kilichogawanywa Sawasawa

Jambo la mwisho la kawaida katika nyumba hii, wanangu, lilikuwa mama yenu kunisuta kwa sababu ya chumvi. Miguu yake ilikuwa imevimba, kwa hiyo nilipika mimi, ndizi na nyama, naye akaketi jikoni akaonja kwenye mwiko, akaniuliza, "Baba Gadiel, miaka yote ile ya kusomea udongo, na chumvi bado hujaijua?" Nikacheka. Akasema anakwenda kujinyoosha kidogo kabla ya chakula. Nilipompelekea sahani, alikuwa amekwisha kutuacha.

Sogea, Gadiel. Nawe Sia, funga dirisha, wale wanafunzi wa jirani na muziki wao wanaimeza sauti yangu. Sikilizeni wala msinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kulisema neno mara moja tu.

Mali haina maneno mengi. Kihamba cha Kibosho, shamba la mababu kule Kilimanjaro, na migomba yake na kahawa iliyosalia, ni cha Gadiel. Nyumba hii ya Berea ni ya Sia. Vitabu vyangu vipelekeni chuoni, nguo za mama yenu wapeni wanawake wa jumuiya yake. Vitu hugawanyika, sina wasiwasi navyo. Wasiwasi wangu ni neno nililolisikia Jumapili, mlipodhani nimelala.

Tangu tumzike mama yenu hapa Durban hamkuwa mkisalimiana. Gadiel ulitaka asafirishwe hadi Kilimanjaro, Sia ukataka abaki karibu na wajukuu. Jumapili nikawasikia nje ya mlango huu mkizungumza kwa upole, nikamshukuru Mungu. Gadiel ukasema, "Basi, mama abaki na wewe. Baba nitamchukua mimi, alale kihambani. Baba mkubwa Japhet hatanielewa nikirudi mikono mitupu." Na wewe, Sia, ukajibu, "Sharp, kaka. Kila mtu na wake." Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Mzee nilikuwapo, hatua chache tu, na neno likaharibika.

Mnajua kwamba nilikutana na mama yenu Italia, mimi nikisomea udongo, yeye uuguzi. Habari za kilima hamzijui. Padre aliyetutunza alitupeleka kuvuna zabibu kwa mzee Oreste, ambaye mizabibu yake ilifunika kilima kizima: juu penye mawe kaberne, katikati sanjovese, chini kwenye mfinyanzi merlo. Kila aina ilivunwa peke yake na kukaa katika pipa lake, na ukizionja mojamoja, ya juu ilikaba koo, ya katikati ilikuwa kali kama ndimu, ya chini ilikuwa laini, haina uti wa mgongo. Baridi ilipokwisha mzee alizichanganya kikombe kwa kikombe, akapata divai nyekundu ambayo watu walikipanda kilima kile kwa miguu kuifuata. Siku moja alimwonjesha mama yenu. Mama yenu akaitema, akasema kwa Kiitaliano chake cha kubabaisha, "Bado zinagombana." Mzee akacheka hadi akakohoa, akaongeza merlo, akampa tena. Safari hiyo alimeza.

Oreste alipokufa aliacha watoto watatu, wote watu wema. Walimwita mpima ardhi, wakakigawana kilima sawasawa, juu, katikati na chini, bila hakimu na bila tusi. Mimi na mama yenu tulipokwenda tena kuwatembelea, tulikuta seng'enge imekikata kilima mara mbili, na kila mmoja ana pipa lake na divai yake isiyo na mnywaji. Na kwa kuwa hakuna aliyedhulumiwa, hakuna aliyekuwa na sababu ya kubisha hodi kwa mwenzake. Divai ya baba yao ilikufa bila muuaji. Tulishuka hadi kituo cha basi, ndipo mama yenu akasema, "Wamegawana vizuri mno."

Nanyi mmegawana vizuri mno. Mimi si fungu la mtu. Mniweke alipo Sesilia, mama yenu.

Najua ninachokuomba, Gadiel. Mwanamume wa kwetu asiye na kaburi kihambani huhesabiwa amepotea, na baba mkubwa wako atakuambia kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Mwambie sikukataa kwetu. Mwambie nilimtoa binti wa watu kwao, nikamtembeza nchi hadi nchi, na siwezi kumwacha peke yake ugenini ili mimi nikalale nyumbani. Apande sale, mmea wetu wa kuombea msamaha, pale ambapo ningelala, inatosha. Nawe Sia, usimwachie kaka yako aibu hiyo aibebe peke yake. Panda ndege pamoja naye, keti naye mbele ya wazee, na akinyamaza, sema wewe.

Maji... Basi, yatosha.

Leteni mikono. Yote. Mungu awape uzee, awape watoto, na mkigombana, mgombane mezani, mkiangaliana usoni. Nimewasamehe. Nisameheni.

Na msije mkasema ilikuwa homa ikizungumza. Asubuhi iliyofuata, baada ya mama yenu kutuacha... Sia ulikuwa umelala kwa kulia, Gadiel hujafika... nilikwenda makaburini. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Juvénal, yule Mkongo wa Albert Park. Alikuwa na kamba ya kupimia. Akaniambia, "Papa, ya kawaida itatosha. Mama iko peke yake."

Nikamwambia achimbe zaidi.

"Sasa ya nini, papa? Iko mutu mwingine?"

"Yupo."

Akaniangalia. Akavua kofia. Kisha akawaita vijana wake, nami nikasimama pale ukingoni, hadi kina kikatosha wawili.