Riwaya Niliyoingia Nikashindwa Kutoka

Ndugu zangu, nawasalimu nyote, wa msikitini na wa kanisani. Wakubwa zangu, shikamooni. Leo zamu ni yangu, na nitasema bila kumtaja mtu jina, kama ilivyo desturi ya kikundi chetu hiki cha waliofiwa.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa mtaa wa Barani, kule Malindi. Marehemu mume wangu alikuwa akitengeneza mafriji na vyumba vya baridi vya mahoteli. Sote wawili tulikuwa wasomaji wa riwaya, ila hatukupenda zilezile. Yeye alipenda za mwisho wa dunia: bahari imepanda, mazao yamekauka, wanasayansi wanahangaika na mitambo. Mimi nilitaka mapenzi. Nilimwambia vitabu vyake vinaua watu wote na hakuna hata mmoja anayeliliwa. Yeye akasema katika vyangu watu wanapendana tu, hawali wala hawaugui. Siku moja akacheka, akasema ingefaa mtu azichanganye aone kitakachotoka.

Aliugua kidogo tu, akafa.

Matanga yalipokwisha nikaanza kuiandika riwaya hiyo. Nilitaka kuona kama inawezekana. Katika hadithi yangu bahari imekula nusu ya mji, na waliobaki wamekimbilia bara. Mjane mmoja anarudi Malindi kutafuta chakula. Anaingia katika chumba cha baridi cha hoteli iliyobomoka, na anapotoka upande wa pili ni miaka ya nyuma. Mumewe yuko pale, mzima, ameshika bisibisi.

Ndugu zangu, mnacheka, lakini nawaambia nilifurahi kuliko wakati wowote tangu msiba. Nikaandika wanakula, wanataniana, wanakwenda kuogelea. Kila sura yule mwanamke anarudi kwa mumewe, na kila sura anakaa zaidi. Nami nikakaa naye. Wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao havijakatwa. Binti yetu alikwenda likizo kwa bibi yake, Jilore. Shule zilipofunguliwa, akaomba asomee hukohuko.

Nikaenda kumchukua. Alikuwa shambani, kwa hiyo aliyenipokea ni mavyaa wangu, mama wa marehemu. Alikuwa mwalimu, sasa macho yanamsumbua. Alinieleza kwa upole kwamba alimwuliza mtoto kwa nini hataki kurudi, naye akajibu, "Mama yupo nyumbani, lakini hayupo."

Mavyaa hakunilaumu. Alikwishasikia kwamba naandika, akataka nimsomee. Akakaa barazani anachambua kunde, nami nikasoma mpaka kunde zikaisha. Nilidhani atalia. Badala yake akawa ananiuliza mambo. Ule mlango unafunguka vipi? Mwanamke akivunja kikombe kule nyuma, huku mbele kinakutwa kimevunjika? Kisha akauliza hili:

"Mbona huyu mume hamuulizi mkewe chochote? Mwanangu hakuwa mtu wa kunyamaza."

Kweli, mume wangu aliuliza kila kitu, mpaka muuza mahamri alikuwa akimkimbia. Nikamwambia mavyaa kwamba nimemnyamazisha makusudi. Akiuliza, mkewe itambidi amwambie kwamba amekufa.

"Basi na aseme," akanijibu. "Mimi nataka kujua atauliza nini."

Hata mimi nilitaka kujua. Nikaandika palepale mkekani, nikamwacha mume wangu aseme kama alivyokuwa akisema. Nilitegemea ataulizia kifo chake. Hakukiulizia. Alimtazama mkewe, akasema, "Huko unakotoka, mtoto yukoje?"

Kalamu ikasimama. Yule mwanamke hakuwa na jibu, kwa sababu mimi sikuwa nalo.

Nikaondoka nikamfuata binti yangu shambani. Nikamwuliza yukoje. Mwanzo alijibu kama anavyojibiwa mgeni. Tukachuma mahindi. Baadaye akaniambia, bila kunitazama, kwamba ameanza kuisahau sauti ya baba, na alikuwa anaogopa kuniambia.

Hapo ndipo nilipotoka kule riwayani, ndugu zangu. Miezi yote hiyo baba yake nilikuwa naye peke yangu, na mtoto sikumgawia hata kidogo. Nikakaa chini kwenye mahindi, nikamweleza alivyokuwa akiongea, alivyokokota maneno akiwa na usingizi. Akacheka. Akaniuliza kama katika kitabu mna nafasi ya mtoto.

Nilimwacha amalize muhula hukohuko, ulipokwisha nikamfuata, tukarudi Malindi pamoja. Cherehani inazunguka tena, na riwaya nimeimaliza. Mwanamke alimjibu mumewe maswali yote, akamuaga, akarudi kwenye dunia yake iliyoharibika, kwani kule ndiko mtoto alikokuwa akimngoja. Mapenzi nayo nikayakuta kulekule, kati ya waliosalimika, wanaogawana maji kidogo waliyo nayo.

Namshukuru mavyaa wangu. Namshukuru jirani aliyenileta hapa Kilifi mara ya kwanza, akanishika mkono mpaka mlangoni. Nawashukuru nyinyi mlionisikiliza nilipokuwa siwezi kumaliza sentensi.

Ninalowaachia ni hili. Kwenda kwa uliyempoteza si vibaya, nenda. Lakini usimfanye picha isiyosema. Mwache aulize, naye atakuuliza habari za walio hai.