Mabakuli Matupu ya Mzee Igarashi

Kijiwe chetu ni benchi moja kando ya mashine ya kuuzia kahawa ya kopo, hapa Kitakata, mkabala na mgahawa wa Mzee Igarashi. Mji huu rameni, tambi za supu, huliwa asubuhi. Saa moja tunaingia kwake, tunakula, kisha tunavuka barabara kuja kumsengenya. Zamani bakuli lake lilikuwa la kupangiwa foleni. Siku hizi tumebaki sisi wanne. Yupo Posta, aliyegawa barua miaka arobaini, Saa Mbovu, fundi wa saa ambaye yake haijawahi kusema kweli, Bondia, ambaye hajapigana na mtu, na mimi. Tangu majira ya theluji supu ya Igarashi imekuwa chumvi tupu, na mahali pa kulisema hilo ni hapa benchini tu.

Posta: Leo kanilisha bahari, jamani. Kopo la pili hili na kiu haijakatika.

Bondia: Ni maji hayo. Theluji ya mlimani imepungua, visima vimeingia chumvi. Haba na haba hujaza kibaba.

Posta: Visima gani? Si maji hayohayo nachemshia chai? Huyo ni muuza mchuzi wa soya, kamshushia pipa bovu.

Saa Mbovu: Watoto nyie. Mzee kala njama na muuza dawa za presha. Mimi nimeongezewa vidonge viwili! Nani anafaidi hapo?

Bondia: Muuza dawa mwenyewe si alikuwa anakula palepale?

Saa Mbovu: Ndo ujue. Kikulacho ki nguoni mwako.

Posta: Basi niwape siri. Yule si Igarashi. Ana pacha wake Niigata. Igarashi wa kweli aliondoka siku ileile aliyomzika mkewe.

Bondia: Pacha mwenye kovu lilelile la moto mkononi?

Posta: Sasa pacha maana yake nini, we!

Saa Mbovu: Hapana, kuna kitu anaficha. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mimi: Na leo nani kabakiza supu?

Hakuna aliyebakiza. Tumelelewa hivyo: ukilinywa bakuli lote umemsifu mpishi, ukibakiza umemtukana. Kwenye kitako cha ndani cha mabakuli yake pameandikwa "Asante," na asubuhi ile sote tulilisoma neno hilo, machozi yakitutoka kwa chumvi. Halafu tukaja hapa kucheka. Najichukia kwa hilo.

Ndipo mwanamke mmoja wa makamo akatoka mgahawani, akavuka, akatuinamia.

— Shikamooni, wazee wangu. Mimi ni Chizuru, binti wa Igarashi. Nimefika jana kutoka Sendai.

— Marahaba, mama, tulijibu.

— Tangu mama afariki, baba hasikii ladha yoyote. Mama ndiye aliyekuwa akimwonjea. Wateja wamemkimbia, yeye anasema ni baridi tu. Leo nimeionja ile supu nikaitema. Nikamwambia, baba, chumvi imezidi. Akanishika mkono, akanionyesha mabakuli yenu manne, yote matupu. Akasema, "Hawa wamekula kwangu miaka thelathini. Hawawezi kunidanganya."

Posta alianza kuchunguza kopo lake. Lilikuwa tupu. Makopo yetu yote yalikuwa matupu.

— Sikuja kugombana, alisema Chizuru. Nauliza tu. Kwa nini mliinywa?

Saa Mbovu akatazama saa yake.

Ng'ambo, Mzee Igarashi alitoka na ufagio. Akatuona, akainama chini sana, kama kila asubuhi. Na sisi, kama kila asubuhi, tukasimama wote wanne tukamwinamia.

— Asante kwa chakula, Mkuu! Posta alipaza sauti. Kilikuwa kitamu!

Chizuru alikuwa bado amesimama mbele yetu.