Tofali la Kwanza la Fundi Nikodemu

Marehemu Nikodemu Anselim Ligunda alizaliwa Lupiro tarehe 3 Juni 1971, mtoto wa pili wa mzee Anselim na mama Katarina. Alisoma hukohuko hadi darasa la saba, kisha akavuka mto kuja Ifakara kujifunza uashi.

Mwaka 1998 alifunga ndoa na Sikitu, wakajenga Katindiuka. Mungu akawapa Luciana, Joachim na Omega.

Katika kazi, marehemu alikuwa na sharti moja: tofali la kwanza la msingi liwekwe na mwenye kazi, akiwa ameshuka mwenyewe mtaroni. Mama Kabula alipojengewa nyumba alishuka na mtoto mgongoni, akanung'unika, "Fundi, mimi nimekuja kujengewa, siyo kujenga!" Marehemu akamjibu, "Weka, mama. Ukuta ukipasuka tutagombana wote tukiwa tumeona chini." Nyumba ile ipo mpaka leo.

Mwaka 2022 alipewa kujenga darasa upande wa Idete, chini ya mkandarasi, Bwana Evod. Mvua ilikuwa inakaribia. Mtaro ulipofika magotini Bwana Evod akasema unatosha. Marehemu akamwomba ashuke aweke tofali. Akajibu akiwa juu, "Nitachafua viatu, Nikodemu. Wewe anza tu." Marehemu akaanza. Hilo lilikuwa kosa lake.

Masika ukuta ulianguka. Hakuumia mtu. Bwana Evod alisema fundi alichimba kina kifupi kwa uvivu. Shauri likapelekwa ofisi ya kata kusuluhishwa. Wazee wakamwambia, "Nikodemu, kubali tu, yaishe." Akakubali ili watu wasigombane. Wakapeana mikono, wakanywa soda. Toka siku hiyo hakuna aliyemwita tena kujenga. Sokoni wakawa wanamwita Fundi Magoti. Mkewe alikuwepo, alisikia.

Alianza kuugua presha mwaka 2023. Mwaka jana alipooza upande wa kulia, mkono wa kushikia mwiko wa uashi. Alifariki nyumbani tarehe 9 mwezi huu, alfajiri, mkewe akimnywesha uji.

Ameacha mjane, watoto watatu, mjukuu mmoja na dada yake Tekla.

Kaburi hili wamelijengea mafundi wenzake. Wamechimba mpaka kichwa cha mtu hakionekani. Ndani, upande wa kichwani, wameacha nafasi ya tofali moja, na tofali lenyewe liko hapo ukingoni.

Bwana Evod ameketi kwenye viti vya mbele. Tumepokea shada lake. Familia inamwomba ashuke na viatu vyake, aweke tofali hilo, na akiwa humo chini aseme mtaro wa Idete nani aliusimamisha magotini. Jeneza litasubiri.

Pumzika, baba Luciana. Safari hii hatuanzi mpaka ashuke.