Bi Bure na Mkato Mmoja

Miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku tisa. Huo ndio muda ambao Bi Bure, mkaguzi wetu wa hoteli, ameitumikia ofisi hii ya safari. Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, atakabidhi funguo za kabati lake, na sisi tutabaki na macho yetu haya yanayodanganywa na picha.

Wasifu huu nimeuomba mwenyewe kuuandika, ingawa wapo waliosoma kunizidi. Shule na mimi tuliachana mapema, bila ugomvi. Lakini dunia nimeiona. Kabla ya kuwa mwandishi wa matangazo nilikuwa dereva wa ofisi, nimelala katika hoteli kubwa za nchi saba. Kweli, nililala ndani ya gari, ila gari lilikuwa ndani ya uzio wa hoteli.

Bi Bure alianza kazi akiwa binti anayetandika vitanda katika hoteli moja ya ghorofa mbili. Alipohamia kwetu akawekwa kwenye simu, kisha meneja wa wakati ule akagundua kwamba wateja wanaoshauriwa na yule dada wa simu hawarudi kulalamika. Akapewa meza ya ukaguzi, karibu na dirisha.

Jina la Bi Bure tulimpa kwa utundu. Hoteli za kifahari zilikuwa zikituletea vifurushi vyao: kifungua kinywa bure, kukandwa mgongo bure, kikapu cha matunda bure, gari la kukupokea uwanjani bure. Yeye anachukua kalamu nyekundu, anakata kila kitu kilichoandikwa bure, halafu anauliza kilichobaki ni nini na kwa nini bei ni ileile. Alikuwa akisema, "Bibi harusi tumeshamvua mapambo. Haya, tumtazame uso." Nyuso nyingine, jamani, zilihitaji mapambo.

Akienda kukagua hakubali hata chai. Tumbo likishiba macho husinzia, ndivyo alivyoamini. Anavua viatu, anakaa ukingoni mwa kitanda robo saa nzima. Anafungua bomba na kuhesabu mpaka maji yapate moto. Anafunga dirisha na kusikiliza kama jirani anakohoa. Anainua kona ya shuka kuona imekunjwa na mtu anayejali au mtu anayekimbilia kwenda kwao. Kikapu cha matunda alikuwa akiniletea mimi garini, na mimi, kwa uzalendo, nilikuwa nakikagua mpaka kwenye kokwa.

Miaka kumi na miwili iliyopita wakaja ndugu wawili, dada na mdogo wake, wenye hoteli ya vyumba tisa juu ya kilima. Karatasi yao ilikuwa na mstari mmoja tu: chumba. Chai unalipia mbali, usafiri ujitafutie. Na bei? Sawa na zile hoteli zinazokukanda mgongo. Tulicheka mpaka tukashika meza. Meneja alisema hicho si kifurushi, ni mfuko mtupu.

Bi Bure akaenda, akakaa siku mbili, akarudi akisema hoteli hiyo iwekwe ukurasa wa kwanza. Maji yalipata moto kabla hajafika tano. Kuta nene, kitanda kama kimepimwa kwa mgongo wake, na mhudumu aliyemwita kwa jina bila kuchungulia daftari. "Kule kwingine," alimwambia meneja, "mtu analipia kukandwa hata kama mgongo haumuumi. Hapa analipia usingizi, na usingizi anaupata." Meneja akakubali kwa sharti: vyumba tisa visipojaa msimu huo, meza ya ukaguzi inafungwa, na Bi Bure anarudi kwenye simu mpaka astaafu.

Tangazo nikapewa mimi, miezi mitatu tu tangu niache usukani. Maneno aliniandikia mwenyewe: hoteli hii hakuna kitu cha bure, unalipia chumba na chumba unakipata. Mimi na ujuaji wangu nikaona ni marefu. Nikang'oa "cha", na mahali pake nikaweka mkato ili msomaji avute pumzi. Sikumwonyesha mtu. Vikachapwa vijitabu elfu tano, na ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene: HOTELI HII HAKUNA KITU, BURE.

Simu zikaanza. Wengine waliuliza kwa nini tunaitukana hoteli tunayoiuza. Wengine waliona "bure" tu. Mama mmoja alifika ofisini na wajukuu wanne na mto wake, anataka aelekezwe kilima kiko wapi. Yule dada mwenye hoteli akapiga: "Dada yangu, nilikukosea nini?"

Meneja akatukusanya, akauliza ni nani aliyeweka mkato ule. Nyumbani nilikuwa na mtoto wa kwanza, wa wiki sita. Nikainama, kana kwamba natafuta kalamu chini ya meza. Bi Bure akasimama, akasema yeye ndiye aliyesoma mara ya mwisho na kupitisha. Siku hiyohiyo meza ikafungwa, akarudishwa kwenye simu hata kabla ya msimu kuanza.

Ndipo nilipomwona fundi kazini. Kila aliyepiga kucheka, yeye alicheka naye. "Ndiyo, baba, umesoma sawasawa, hakuna kitu. Hakuna kelele, hakuna mbu, hakuna foleni ya mayai asubuhi. Usiku ngapi nikuandikie?" Wenye kucheka wakawa wenye kuandikishwa. Kizuri chajiuza, lakini siku nyingine kinahitaji mtu wa kukipokelea simu. Msimu haujafika katikati, vyumba tisa vimejaa, na meneja mwenyewe akabeba kiti cha Bi Bure kukirudisha dirishani.

Mkato ule ulikuwa wangu. Nauandika hapa ili usomwe na ofisi nzima, kwa sababu miaka kumi na miwili yeye hajamwambia mtu, na mimi, mwenye maneno kuliko redio, sikupata neno. Kila nilipompelekea tangazo aliniuliza tu, "Mikato umeihesabu, mwanangu?" Kisha akanirudishia, na lilikuwa limenyooka. Mtoto yule wa wiki sita sasa ananifikia begani. Amekula mkate wa ofisi hii kwa sababu mtu mmoja alisimama.

Ijumaa kutakuwa na keki, saa ya ukutani na hotuba ya meneja. Vyote ni vya bure, kwa hiyo ndugu zangu, tuvikate kwa kalamu nyekundu tutazame kilichobaki. Amebaki mama mmoja amevua viatu, anasikiliza kama mgeni asiyemjua atalala vizuri. Bei ya huyo hatukuwahi kuiweza.

Asante kwa kiti, kwa simu, na kwa kikapu cha matunda. Kapumzike salama, Bi Bure.

Mkato wa sentensi ya hapo juu ni mmoja. Nimeuhesabu, na safari hii uko mahali pake.