Merle Tregenza, Aliyewasitiri Wafu wa Penmarra

Ndugu waombolezaji, jua ni kali, wazee mmesimama muda mrefu, na sisi wa familia tumechoka kwa kuuguza, kwa hiyo maisha ya mpendwa wetu tutayaeleza bila kuyazungusha.

Marehemu Merle Tregenza alizaliwa tarehe 9 Juni 1941 hapa Penmarra, Australia Kusini, mtoto pekee wa mzee Garfield Hocking, mhifadhi wa maiti, na Bi Elsie, akasoma shule ya mgodini hadi mwaka 1956, mama yake alipopooza, naye akaacha masomo akaingia mochwari kumsaidia baba. Humo ndimo alimojifunza kwamba zamani maiti za kusafirishwa kwa meli zilifukiwa kwenye chumvi au kuzamishwa kwenye pombe kali, baadaye wakaja mabingwa wa kudunga mishipani aseniki, ileile sumu ya panya, hadi ikakatazwa kwa kuwa iliwadhuru na walio hai, ikafuata dawa ya formalini, ambayo Merle aliivuta puani maisha yake yote ya kazi.

Baba yake alimzoesha pia makaburi yetu ya zamani, akimwonyesha kaburi la mguu wa Jabez Pascoe, uliokatwa mgodini ukazikwa kwa ibada kamili, mwenyewe akaishi hadi uzee akiupelekea maua kila Jumapili, na alipokufa akazikwa mbali nao, kwa sababu mkewe alisema ameuonea wivu vya kutosha.

Tarehe 4 Aprili 1964 aliolewa na Denzil Tregenza, fundi wa pampu, wakajaliwa binti, Loveday, na mwaka 1969 mtoto wa kiume aliyezaliwa amekufa, wauguzi wakampitisha amefunikwa kitambaa, na kwa desturi ya hospitali za wakati ule, Merle hakuonyeshwa sura yake wala kuambiwa alikozikwa. Alirudi kazini upesi, akaendelea kuwaosha watoto wa wenzake.

Machi 1986, mashimo ya mgodi wa zamani yalititia chini ya makaburi, safu nzima ikazama, jeneza lililozibwa kwa madini ya risasi likapasuka, na ndani akaonekana mwanamke mzima, nyusi zake zipo, kope zake zipo. Bamba lilimtaja Honor Vivian, mke wa msimamizi wa mgodi, aliyefariki mwaka 1879 kwa uzazi, na wazee walijua habari yake, kwamba alidungwa aseniki ili arudishwe kwao Cornwall, ng'ambo, lakini mgodi ukafilisika, mume akaondoka, yeye akabaki.

Mwili ukaletwa kwa Merle, na nyuma yake akaja mwenyekiti wa halmashauri, Clarrie Rundle, akiwa na bashasha.

"Merle, mama, hii ni bahati yetu! Tumtie kwenye kabati la kioo, watalii wamiminike, mji ufufuke."

"Huyu si samaki wa kopo, Clarrie."

"Nani atalalamika? Watu wake wote wamekufa."

"Nitalalamika mimi."

"Angalia sana. Kazi za halmashauri unapewa na nani?"

"Na wewe. Na mkeo nani alimsitiri? Ulisimama hapohapo ulipo, ukanililia nimfunike miguu vizuri kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kusikia baridi."

Rundle alivaa kofia yake akaondoka, na kazi za halmashauri zikaondoka naye.

Merle alimvika Honor gauni safi, akapekua mawe ya safu ya watoto wachanga hadi akalipata lililoandikwa "mtoto wa Vivian", akamzika hapo ubavuni. Loveday akamwuliza, "Mama, mbona umejiponza hivi kwa mtu usiyemjua?"

"Hawa wawili hawajawahi kuonana, mwanangu," akasema, akaketi kwenye udongo akalia, na Loveday alikuwa hajawahi kumwona akilia.

Biashara ilidorora, akaifunga mwaka 1995, akabaki akipalilia makaburi ya zamani mpaka mwaka jana alipogundulika kuwa na saratani ya damu, akatibiwa Adelaide, akaomba arudishwe nyumbani, akafariki Jumanne tarehe 17 Februari 2004 alfajiri. Alikataa kabisa kuhifadhiwa, akisema dawa aliyokwisha kuivuta inamtosha, ndiyo maana tunamzika upesi, na walio njiani watusamehe. Mzee Denzil, ambaye katika ndoa yao yote hakuthubutu kukanyaga mochwari, alimwosha mwenyewe kwa maji na sabuni ya kawaida, akamchana nywele, akazigawa upande ambao Merle hakuzoea kuzigawa, nasi tukaziacha hivyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu, majirani mlioleta supu na kukesha nasi, na wenzake wa kazi mliotoka miji ya mbali kulibeba jeneza hili.

Umechoka, Merle. Tumekufunika miguu. Pumzika kwa amani.