Odile Kempf na Ndege Sita za Nungunungu

Tarehe 30 Juni, Ajudanti Odile Kempf atavua ovaroli yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na minne ya kutengeneza ndege katika kikosi kimoja tu. Mara tatu walitaka kumhamisha, mara tatu akagoma. Makamanda kumi na mmoja wamepita hapa, na hakuna ambaye hakufokewa naye kwa kuegesha gari pasipotakiwa.

Kila fundi mpya anayeripoti kwake huulizwa swali moja: escadrille ni nini? Wengi hujibu walivyosoma chuoni, kwamba ni kikosi kidogo cha ndege ndani ya kikosi kikubwa, chenye nembo yake. Yetu ni nungunungu, amechorwa mkiani. Odile humaliza kahawa yake taratibu, kisha husema, "Ni ndege unazoweza kuzihesabu zikirudi, bila karatasi. Zikizidi hapo, tafuta neno jingine." Zetu ni sita. Zikiwa angani haketi, na supu yake ya vitunguu imepoa mezani mara nyingi. Haandiki ubaoni kwamba escadrille imerudi mpaka ya mwisho izime injini.

Mengine yameandikwa kwenye faili lake: nishani mbili, mafundi zaidi ya mia aliowafunza, na barua ya onyo kwa kumwita mkaguzi mmoja mzembe mbele ya wageni. Lakini ya Februari 1999 hayakuandikwa yote.

Masanduku yetu ya vifaa yana sponji iliyokatwa kwa umbo la kila kifaa. Tundu likiwa tupu, ndege hairuki, maana kifaa kinaweza kuwa kimesahaulika ndani yake. Asubuhi ile fundi mmoja hakuiona spana yake ndogo. Akaogopa kufokewa, akaazima ya kikosi jirani, akaziba tundu, akanyamaza. Alijiambia ataitafuta baadaye. Ndege zote sita zikaruka, na jenerali alikuwa jukwaani akizisubiri zipite.

Odile alifungua sanduku dakika kumi baadaye, kwa mazoea tu. Vifaa vyetu vina utepe mwekundu. Spana ile ilikuwa na wa buluu. Akamtazama fundi yule usoni, mara moja. Akakimbia hadi mnarani.

"Warudishe wote," alimwambia kamanda.

"Una uhakika kuna hitilafu?"

"Sina, Afande. Nina spana ya watu."

Kamanda alitukana, lakini akawarudisha. Odile akashuka na kusimama kando ya njia ya kurukia, akihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Ya sita ikabaki angani. Rubani wake, Kapteni Vauthier, alisema redioni kwamba usukani unakataa kwenda kushoto. Kwa dakika kumi na tisa alizunguka kulia tu, mafuta yakipungua, akitafuta mstari wa kutua. Fundi yule alijificha nyuma ya gari la zimamoto. Odile hakusogea. Magurudumu yalipogusa lami na injini kuzimwa, ndipo aliposema sita.

Spana ilikutwa imebanwa chini ya usukani.

Tume ya uchunguzi iliuliza sanduku lilikuwa la nani. Odile akajibu kwamba ni lake. Kupandishwa cheo kukachelewa miaka minne. Aliyeziba tundu hakuguswa. Jioni ile Odile alimkuta chumba cha vifaa, akamwambia, "Kesho saa kumi na mbili, hapa. Utavihesabu vyote mbele yangu." Akamhesabisha kila asubuhi kwa mwaka mzima, na hakulitaja jambo lile tena, hata kwa utani.

Fundi huyo ndiye atakayeshika funguo za Odile kuanzia tarehe mosi Julai. Ndiye aliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu, na kwa miaka ishirini na sita ameona haya.

Afande Odile, asante kwa niaba ya escadrille nzima, na kwa niaba ya Kapteni Vauthier, ambaye ana wajukuu sasa. Kaa chini, kula supu ikiwa moto. Tutahesabu sisi.

Sanduku lilikuwa langu.

Thierry Launois, fundi