Mama Alikuwa Anasema Ndiyo

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wenzangu mnaouguza nyumbani, poleni kwa kazi. Mwenyekiti aliponiomba nisimame hapa nilimwambia nitajaribu. Nikilia mnivumilie, msinikimbilie na kitambaa. Niacheni nimalize.

Mimi ni wa hapahapa Turwa. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, naifanyia nyumbani. Mama yangu alipigwa na kiharusi akiwa shambani anapalilia mihogo. Kikamchukua upande wote wa kulia, kikamchukua na ulimi. Mnaijua hali hiyo, sina haja ya kuieleza. Shingo haikutikisika, macho hayakutii. Kilichobaki ni vidole vya mkono wa kushoto, navyo kwa shida.

Nikatafuta mtandaoni programu ya watu wasioweza kusema. Nikaipata, ya bure, inatunzwa na watu wa nchi mbalimbali wanaojitolea. Nikaiwekea Kiswahili, na sauti nikarekodi yangu mwenyewe. Kitufe kirefu cha chini kwenye kibodi, kile cha kuachia nafasi, ni Ndiyo. Kitufe cha Enter ni Hapana. Nikajaribu kwa kubofya na mausi kwenye skrini: ikasema Ndiyo, ikasema Hapana. Nikaridhika. Nikaiweka kibodi chini ya mkono wa mama.

"Mama, unanifahamu?"

Kidole kikashuka. Macho yangu yalikuwa kwenye skrini. Mashine ikasema, kwa sauti yangu: "Hapana."

Ndugu zangu, nawaambia, nilitoka nje nikashika ukuta.

Nikajipa moyo, labda kachoka. Kesho yake nikamuuliza kama atakula uji. Hapana. Anasikia baridi? Hapana. Tumrudishe hospitali kwa mazoezi? Hapana. Mimi na wifi yangu tukaanza kumwogopa. Tulikuwa tukimlisha kijiko kwa kijiko, sasa tukawa tunauliza kwanza, na akikataa tunaondoa bakuli. Tuliona ndiyo heshima. Mtu mzima amekataa, utamlazimishaje? Mama akakonda mpaka shuka likawa zito kuliko yeye.

Baba mdogo akaja kutoka Nyarero. Akaketi kitandani, akamshika mkono, akamuuliza taratibu, "Shemeji, bado unataka kuishi?"

Kidole kikashuka. "Hapana."

Yule mzee alilia mbele yetu. Kisha akasema, "Mwanangu, umesikia mwenyewe. Tumpeleke nyumbani Nyarero akapumzike. Nitawaambia vijana wasafishe mahali, karibu na kaburi la baba yako."

"Tata, tumuulize tena," nikamsihi baba mdogo.

"Umemuuliza vya kutosha. Unamtesa."

Nikaanza kukunja kanga za mama, nikiziweka kwenye begi. Nilifikia mahali pa kumwomba Mungu amchukue haraka. Nasema ukweli hapa mbele yenu, niliomba hivyo.

Tuna mpangaji, dada mmoja wa Singida, mume wake alifuata dhahabu huku. Aliingia kumuaga mama akatukuta tunapanga safari. Akasimama mlangoni akimtazama mama, akasema, "Dada, mbona machozi yanamtoka kila hiyo kompyuta ikijibu? Ukiuliza halii. Ikijibu ndiyo analia."

Nikaacha kanga sakafuni.

Nikafungua programu nikaisoma upya. Mstari wa majibu ulionekana hauna kosa: kitufe kikiwa "Space", yaani nafasi, sema Ndiyo, kikiwa kingine chochote, sema Hapana. Nikausoma na kuurudia, nikaona uko sawa. Lakini lugha ile ya programu ilikuwa imeambiwa tu kwamba kinachotoka kwenye kibodi ni maandishi. Maandishi yoyote. Ukiiambia hivyo, haitakukosoa. Hata ukiandika "ng'ombe" itakubali na kungoja kitufe kiitwacho ng'ombe.

Nikaamua kuibana. Nikaandika aina mpya, yaani orodha ya yanayoruhusiwa tu, nikataja moja moja thamani ambazo vitufe vyetu vinaleta kweli, nikizitoa kwenye maelezo rasmi. Enter huleta neno "Enter". Mishale huleta majina yake. Lakini kile kitufe kirefu, wapendwa, hakileti neno lolote. Kinaleta nafasi tupu. Nikaandika hivyohivyo, nafasi tupu. Palepale mstari ule ukapigwa rangi nyekundu chini yake, na maelezo: hivi viwili, "Space" na kinacholetwa na kibodi, haviwezi kulingana kamwe.

Kamwe! Programu ilikuwa inangoja neno ambalo kibodi haitumi. Mausi ilipita njia nyingine, ndiyo maana jaribio langu halikuliona. Kila mama alipobonyeza Ndiyo, ilihesabiwa kuwa kitu kingine chochote.

Nikarekebisha. Nikabonyeza mwenyewe: "Ndiyo." Wifi akanibebea kompyuta kwenda chumbani kwa mama.

"Mama, unanifahamu?"

"Ndiyo."

"Mama, ulikuwa unasema ndiyo siku zote hizi?"

"Ndiyo." Akabonyeza tena bila kuulizwa. "Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo."

Baba mdogo alipiga magoti sakafuni na fimbo yake mkononi, akisema, "Nisamehe, shemeji." Wifi alikuwa tayari anakoroga uji.

Safari ikawa ya hospitali. Mama yupo hai. Hasemi, hatembei, lakini anakula, na anagombana na mimi kwa vitufe.

Marekebisho yale niliyatuma kwa wale wanaotunza programu, wakayapokea. Siku chache baadaye mtu wa mbali, nisiyemjua, aliniandikia. Alisema baba yake aliitumia hiyohiyo. Mzee aliwajibu Hapana mpaka alipokata roho. Sijui huyo mtu alisoma maelezo ya marekebisho yangu akiwa wapi. Nikamwandikia pole, basi.

Namshukuru dada wa Singida. Namshukuru wifi, na baba mdogo aliyekiri kosa lake mbele ya watoto. Nawashukuru ninyi mlioleta kuni na maziwa bila kuuliza mama amesema nini.

Ninachowaomba ni hiki. Mgonjwa wako akikujibu neno la kukata tamaa, usilikubali upesi kwa sababu limetoka kwenye mashine, au kwenye mdomo wa mtu anayemsemea. Mkague yule msemaji kwanza. Kisha kaa karibu, mwangalie usoni, umuulize kwa njia nyingine.